Maswali ya Wasomaji: Tanga Lenye Kembari Katika Ziwa Kivu

SWALI: Jambo Mhariri. Nina ubao wa kuteleza majini kwa tanga (windsurf) wa lita 120, na tanga la mita za mraba 7.5 lisilo na kembari. Rafiki yangu ananiuzia la 7.8 lenye kembari 2. Yeye anasema litaniongezea mbio, wenzangu wengine wanasema ni zito na linachosha. Nani mkweli?
Msomaji wa Himbi, Goma

JIBU: Wote ni wakweli. Rafiki yako anazungumzia tanga likiwa katika mwendo, wenzako wanazungumzia tanga likiwa limesimama.

Kwa wasioijua, kembari ni kipande cha plastiki kinachokaa kwenye ncha ya mbele ya ufito (kijiti kinacholinyoosha tanga), na mdomo wake unaukumbatia mlingoti ndani ya ala, yaani mfuko mrefu wa tanga unaouvika mlingoti. Kazi yake ni kulishika tumbo la tanga lisihame. Tanga lisilo na kembari, upepo ukipungua, sehemu yake ya mbele hulala bapa. Upepo ukija kwa kishindo, tumbo hukimbilia nyuma, mkono wa nyuma unavutwa, unalegea, na ubao unapoteza mwendo. Lenye kembari lina tumbo lake tayari hata likiwa limelala ufukweni bila upepo wowote.

Majini utaiona tofauti hivi. Mwanzoni, ubao ukiwa bado umezama, tanga litakuelemea, maana lina nusu kilo au zaidi juu ya uzito wa lile lako la sasa. Ukilipepea ili ubao upande juu ya maji, usipepee haraka haraka. Piga mapigo matatu au manne, marefu na yenye nguvu, kisha funga tanga, yaani livute kwako kwa mkono wa nyuma. Ubao ukishaanza kuteleza, uzito unasahaulika: mvuto unakaa mahali pamoja, mbele, na unaubeba kwa kulabu ya kiunoni badala ya mikono. Upepo ukikatika kwa sekunde chache, tanga linaendelea kuvuta kwa sababu halikupoteza umbo. Ukiongezeka, ncha ya juu inafunguka na kumwaga upepo wa ziada, huku chini kukibaki kama kulivyokuwa. Hapo ndipo mbio anazozisema rafiki yako zinapatikana: unathubutu kubaki umefunga tanga wakati wengine wanalegeza.

Gharama yake utailipa kwenye kugeuza na kwenye kuanguka. Ukigeuza kwa kupitishia upepo nyuma, kembari hazihami zenyewe polepole. Zinaruka upande wa pili kwa mshtuko, na wewe ndiye unayepaswa kulipatia tanga msukumo huo. Ukianguka, ala pana inajaa maji. Usivute kwa nguvu, utaumia mgongo bure. Inua ncha ya mlingoti kidogo tu, iache maji yatiririke kuelekea chini, ndipo uinue tena.

Kuna jambo moja watu wa Kivu wanalisahau, nalo linabadilisha hesabu yote. Ziwa letu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15. Kwa mwendo uleule wa upepo, tanga la mita 7 hapa linavuta kama la mita 6 kule pwani ya bahari. Vipimo vya mitandaoni vinaandikwa na watu wa baharini. Kwa hiyo hilo la 7.8 wala si kubwa: litakufanyia kazi kama la 6.6. Ubao wa lita 120 unalibeba vizuri, ila pezi la chini ya ubao liwe la sentimita 40 hadi 44. Kama upepo wako wa kawaida wa alasiri unafika noti 14 au zaidi na unapenda kwenda moja kwa moja mbali na ufuko, nunua. Kama unapenda kugeuza kila mita mia, baki na ulilonalo.

SWALI: Nimepata tanga lililotumika, lenye kembari 3, linaitwa la mbio huru. Kila nikigeuza, kembari zinakwama upande wa zamani na natembea na tanga lililobinuka. Ya katikati huchomoka kabisa. Nimepaka grisi lakini hali imezidi. Nifanye nini?
Msomaji wa Nguba, Bukavu

JIBU: Ndugu yetu, anza kwa kuiosha hiyo grisi. Inashika vumbi na mchanga, na mchanga ndani ya mdomo wa kembari ni kama msasa juu ya mlingoti. Osha kwa maji ya ziwa na sabuni, kausha, na ukitaka ulaini tumia silikoni ya kupuliza, kidogo tu.

Kisha pima. Kwenye tanga au mfuko wake kuna namba mbili: urefu wa ukingo wa mbele na urefu wa wishiboni, yaani ule mpini wa pande mbili unaoshikia. Tuseme ukingo wa mbele ni 482 na mlingoti ni wa 460: kiongezo cha chini ya mlingoti kinatakiwa sentimita 22. Wengi wanaweka 18, wanavuta mpaka kapi zinagusana, wanadhani wamemaliza. Hapo ndipo tatizo lako lilipo, kwa uzoefu wa mafundi wa matanga karibu kila mara. Kamba ya chini, ile inayolivuta tanga kuelekea mguu wa mlingoti, ikiwa haijavutwa vya kutosha, mlingoti haujapinda vya kutosha, na fito zinazisukuma kembari dhidi ya mlingoti kwa nguvu kupita kiasi. Haziwezi kuzunguka.

Panga upya namna hii. Ingiza mlingoti ukihakikisha unapita mbele ya kembari zote, si kando. Vuta kamba ya chini mpaka zibaki kama sentimita 5 hadi 10. Funga wishiboni na uvute kidogo tu kamba ya nyuma, ile ya mwisho wa wishiboni, tanga lishike umbo. Sasa fungua zipu za ala, sukuma ufito kwa kiganja, na kembari itaingia kwenye mlingoti kwa mlio. Matanga mengine hutaka kembari zifungwe kabla ya kuvuta. Kama maandishi ya mfuko yanasema hivyo, yafuate. Halafu malizia kamba ya chini kwa nguvu zote, ukikanyaga mguu wa mlingoti. Tazama juu: ukingo wa nyuma kati ya fito za juu uwe umelegea, unapigapiga. Ukiwa umekaza kama ngoma, bado hujavuta. Mwisho rudi kwenye kamba ya nyuma, sentimita 2 hadi 4 kupita pale inapoanza kushika.

Hiyo inayochomoka ina sababu zake. Ufito wake unaweza kuwa umelegea: kaza skrubu ya nyuma mpaka mikunjo inayokatiza ufito ipotee, basi, usiendelee. Au mdomo wa kembari umepanuka kwa uzee, na dawa yake ni kembari mpya. Au mlingoti wako ni ule mwembamba wakati kembari zilitengenezwa kwa mnene. Hapo hakuna marekebisho yatakayosaidia. Angalia pia namna mlingoti unavyopinda. Kuna milingoti laini nchani, migumu nchani, na inayopinda sawasawa kote. Tanga limeshonwa kwa aina moja. Laini nchani kwenye tanga lisilo lake huumwaga upepo mapema mno na kembari hukaa mshazari.

Vikiwa sawa vyote na bado ni ngumu kuzunguka, tafuta pete ndogo za plastiki kati ya kembari na ufito. Toa moja kwenye kembari iliyo ngumu zaidi, jaribu majini, ndipo uguse nyingine. Ukizitoa zote siku moja utarudi na tanga linalotema kembari.

SWALI: Binti yangu ana kilo 55, ameanza mwaka huu. Mjomba wake anataka kumpa tanga la 7 lenye kembari. Linamfaa?
Mama wa Nyalukemba, Bukavu

JIBU: Hapana, mama. Mshukuruni mjomba, lakini mwombeni alibadilishe kwa la 5 lisilo na kembari. Anayejifunza huanguka mara nyingi, na kila anguko ni ala iliyojaa maji ya kuinua. Atachoka kabla hajajifunza.

SWALI: Tanga langu jipya lina matundu madogo chini na mkwaruzo kwenye ala. Sijawahi kugonga kitu majini. Kwa nini?
Msomaji wa Goma

JIBU: Ni mawe yetu ya volkeno. Lava iliyopoa ina makali kama kioo, na tanga lenye kembari hukaa chini muda mrefu zaidi likipangwa, huku ukiligeuza na kulikanyagia. Tandika shitingi nzito au makatoni kabla ya kulifungua. Usiliburute, libebeni wawili. Tundu dogo kwenye monofilimu (ile plastiki angavu ya tanga) lifute, likauke, libandike kiraka pande zote mbili siku hiyohiyo, maana likikazwa litapasuka kufuata mstari.

Na chagua mahali pa kupangia. Magharibi ya mji, karibu na maji, kuna mabonde madogo yenye mazuku, yaani gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatulia chini usiku na asubuhi kusipokuwa na upepo. Aliyesimama anaweza asihisi kitu, na aliyepiga magoti akaanguka. Kupanga tanga ni kazi ya kupiga magoti. Panga sehemu iliyoinuka, upepo ukiwa umeshaanza kupita, na ukiwa mgeni wa ufuko huo waulize kwanza wavuvi wa hapo.