Darasa la awali si lazima, lakini daftari la mahudhurio liandikwe kweli

Mwalimu mwenzangu, umeuliza mtoto wa awali wa miaka minne asipokuja kuna haja gani ya kumwandika hayupo, wakati hakuna sheria inayomlazimisha kuja. Nimefundisha awali huku Urambo miaka tisa, nitakujibu kwa yaliyonipata.

Kuhusu sheria uko sahihi. Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, inataja elimu ya lazima ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari, na darasa la kwanza linaanza na miaka 6. Mtoto wako hayumo humo, na mzazi wake huwezi kumpeleka kwa mtendaji.

Mimi nilipoanza kazi nilikuwa nawawekea wote alama ya yupo. Niliona hawa wadogo, nani atauliza? Machi moja, tumbaku ikichumwa, akaja bibi kutoka kijiji cha mbali na kandambili mpya za mjukuu wake. Nikatazama darasani, simwoni. Nikafungua daftari: yupo, mpaka asubuhi ile ile. Kumbe wiki ya tatu hiyo yuko kambini, kwenye mashamba ya tumbaku, na mama yake, anashika mtoto mchanga wakati wakubwa wako kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Yule bibi alinitazama tu, akazifunga kandambili kwenye kanga. Sijasahau mpaka leo.

Tangu hapo naita majina mara mbili, asubuhi na wakati wa uji, maana wengine wanatembea mbali na miguu yao ni midogo. Asiyekuja namwandika hayupo, na pembeni naweka neno moja: homa, kambini, mvua, analea. Neno mtoro silitumii kwa umri huu. Mzazi akilisikia anaogopa, na kesho hakuambii ukweli.

Maneno hayo ya pembeni ndiyo yenye faida. Mwaka mmoja niliona watoto saba wa "kambini" wote wametoka kitongoji kimoja. Nikamfuata mwenyekiti wa kitongoji, tukakaa na wazazi, na wanne wakaachwa kwa bibi zao wasome. Watatu walirudi Mei. Nikahesabu siku walizokosa, kila mmoja nikaanza naye pale alipoachia.