Sera zetu zinaichanganya chatiboti

SWALI: Tumeipa chatiboti ya ofisi sera zetu zote za ajira, zote PDF. Mtu akiuliza siku za likizo, mara inamtajia za wafanyakazi wa kudumu, mara za wa mkataba. Programu ndiyo mbovu?

JIBU: Mara nyingi kasoro iko kwenye nyaraka. Mifumo mingi ya aina hii haisomi sera nzima kila inapoulizwa; huikata vipande vya maneno mia chache, kisha huchukua vichache vinavyokaribiana na swali. Kifungu kinachosema "isipokuwa kama ilivyoelezwa katika 4.2" kikitenganishwa na 4.2, sharti limepotea. Andaeni nakala ya chatiboti, ile rasmi isiguswe. Humo, kanuni na sharti lake vikae aya moja, na kila aya imtaje mhusika: "Mfanyakazi wa mkataba atapata…", si "Atapata…" tu.

Majedwali ndiyo yanayosumbua zaidi. Visanduku vilivyounganishwa hupoteza vichwa vyake, ikabaki namba isiyo na mwenyewe. Geuzeni kila mstari uwe sentensi kamili. PDF iliyoskaniwa, nayo, ni picha tu hadi programu iyatambue maandishi yake, na hapo tarakimu huweza kusomwa vibaya. Zikagueni kwa macho.

Matoleo ya zamani yaondoeni kabisa. Kuyaandika "limefutwa" hakutoshi, maana kipande kinaweza kuchukuliwa bila neno hilo. Kisha jaribuni maswali kwa lugha ya wafanyakazi wenyewe, likiwemo moja ambalo sera haina jibu lake. Chatiboti ikilijibu kwa kujiamini, msiwafungulie watu bado.