Sponji na tepu ya chini ya sakafu: chora vipande kabla ya kununua

Wanaoanza kazi ya sakafu za lamineti huzipigia mbao hesabu mara mbili tatu. Wakifika kwenye sponji inayotandikwa chini yake, wanakadiria kwa macho. Tepu ya kuziba maungio ndiyo husahaulika kabisa, mpaka mtu yuko magotini na roli imekwisha.

Sponji na tepu hazihesabiwi kwa njia moja. Sponji inafuata eneo la chumba. Tepu inafuata urefu wa maungio, na maungio huwezi kuyajua bila kujua vipande vitalala vipi. Kwa hiyo chukua karatasi, chora chumba, kisha chora vipande ndani yake.

Tuseme chumba ni mita 4.2 kwa 3.6, yaani mita za mraba 15.12. Ongeza asilimia 10 ya vipande vinavyopotea kwenye kona na milango, unapata kama 16.6. Roli zako zina upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, basi roli mbili zinatosha. Hapo wengi hufunga daftari. Wewe endelea. Ukilaza vipande kufuata ule upande wa 4.2, utahitaji vinne, cha mwisho kikikatwa upana wa sentimita 60. Kila roli inatoa viwili vizima, hakuna kuunga vichwa, yaani ncha kwa ncha. Maungio ni matatu, kila moja mita 4.2: jumla mita 12.6 za tepu. Ukivigeuza vifuate upande wa 3.6, vinakuwa vitano, na cha tano ni ukanda wa sentimita 20 utakaolazimika kuuokoteza kwenye mabaki. Tepu inapanda hadi mita 14.4, bado hujaweka kiungio cha vichwa ndani ya huo ukanda. Chumba kilekile, roli zilezile, ila kazi imeongezeka bila sababu.

Nyumba ikiwa na vyumba vingi na muda ni mfupi, gawanya eneo lote kwa upana wa roli. Eneo la mita za mraba 60 kwa roli ya upana wa mita 1 linakupa mita 60 za tepu. Jibu hilo kwa kawaida huzidi kidogo, kwa sababu ukingo wa ukutani haupigwi tepu, na ziada hiyo ndiyo inayobeba maungio ya vichwa. Kwa makadirio ya kumpa mteja, mimi naiona inatosha.

Kabla ya kuamini hesabu yoyote, soma lebo. Sponji nyingine zina ukingo wa plastiki wenye gundi upande mmoja wa urefu. Hizo zinajiunga zenyewe, na tepu inabaki kwa vichwa tu. Pia ukingo huo unaolalia kipande cha jirani usiuhesabu kama upana. Tafuta kwenye lebo eneo ambalo roli inafunika. Na mbao zikija na sponji yake imebandikwa kwa chini, usitandike nyingine. Sakafu ikinesa, vifungo vya mbao ndivyo vinavyovunjika.

Chini kukiwa na zege na sponji yako haina kizuizi cha unyevu, kunatangulia nailoni, nayo ina tepu yake. Nailoni hulaliana, kawaida kama sentimita 20, kwa hiyo nailoni ya upana wa mita 2 inakusogeza mita 1.8 tu kwa kila kipande baada ya kile cha kwanza. Iache ipande ukutani sentimita 5 hivi kila upande, itafichwa na skatingi. Kwenye chumba chetu vipande viwili vinafunika mita 3.8, wakati unahitaji 3.7. Kiungio ni kimoja, mita 4.3. Jumlisha na zile 12.6 upate 16.9, ongeza asilimia 10, ni kama 18.6. Roli moja ya tepu ya mita 25 inamaliza chumba.

Sponji yenyewe hailaliani. Kingo zinagusana tu. Ukizipandisha unatengeneza tuta ambalo mguu utalisikia kupitia mbao.

Tepu usichague kwa bei. Ya karatasi, ile ya wapaka rangi, inaachia ikipata unyevu. Sponji yenye uso wa alumini inataka tepu ya alumini, nyingine tepu ya plastiki. Futa vumbi kwanza, kisha ikandamize kwa kiganja urefu wote. Tepu iliyobandikwa juu ya vumbi itabidi uing'oe uweke nyingine, na hizo mita hazikuwemo kwenye hesabu.

Roli ya sponji ambayo hujaifungua muuzaji huenda akaipokea, muulize kabla ya kulipa. Kwa hiyo sponji ikikaa katikati ya roli mbili na tatu, chukua tatu.