Usitume CV kampuni zote wikendi hii, nimeshapita huko

Dogo USITUME. Umeandika ndo umemaliza chuo, CV iko tayari, wikendi hii unaomba kampuni zote 11 za ushauri wa menejimenti kwa mpigo "nione bahati yangu", halafu kesi (yale maswali ya usaili ambapo unapewa tatizo la kampuni ulitatue papo hapo) utaanza kuzisoma ukishaitwa. Nimeingia humu kwa ajili yako tu.

Mimi nilifanya hivyohivyo. Jumamosi moja, kampuni 9, barua ileile nabadilisha jina tu (moja nikasahau kubadilisha, hiyo tuiache). Wakaniita 4 nikajiona mfalme. Usaili wote ukaangukia ndani ya wiki mbili na kesi nilikuwa nazisoma kitandani kama hadithi, nasoma swali, nachungulia jibu, nasema "aah hata mimi ningesema hivyo". Ningesema wapi.

Usaili wa kwanza, kampuni ya vinywaji faida imeshuka miaka miwili, kwa nini? Swali jepesi hilo, unaigawa faida kwenye mapato na gharama, mapato unayavunja bei mara kiasi, unaomba namba uone kilichoshuka ni kipi. Mimi nikaanza kumwaga Five Forces za Porter, ile fremu ya kuchambua ushindani kwenye sekta, kama nasoma risala, nguvu ya wasambazaji, nguvu ya wateja, dakika 4 sijaomba namba hata moja. Jamaa akaweka kalamu chini. Akanipa hesabu: chupa milioni 12, maduka 400, wastani kila duka linauza ngapi? Ni 30,000. Nikasema 3,000, tena kwa sauti nzito, na juu ya hiyo 3,000 nikajenga ushauri mzima wa kufunga maduka. Bora hawakuniajiri, kuna watu wangekosa kazi kisa sifuri moja.

Hizo 3 zingine nazo zikaenda na maji. Sasa kufeli siyo kilichoniuma, kilichoniuma ni kwamba ukishafeli rekodi yako inabaki kwao. Moja wakasema nisiombe tena mpaka mwaka upite, nyingine miaka miwili. MIWILI. Na nafasi za wahitimu zina msimu wake, ule muda ulipoisha mimi siyo mhitimu mpya tena, nashindania nafasi na watu wenye uzoefu wa kazi na mimi uzoefu wangu ni wa kusubiri. Milango minne nimeifunga mwenyewe ndani ya siku 14.

Na haya yote nilifundishwa, tena kwa kulipia! Kuna mtu anajiita kocha, aliniambia "tupa nyavu kote, samaki mmoja hakosi", akanipa na pdf ya fremu 12 (mifumo ya kupangia majibu ya kesi) za kukariri. Nilivua mabuti. Baadaye nikaja kujua mwenyewe hajawahi kukaa upande wowote wa ile meza, si wa kuuliza wala wa kuulizwa. Nikamtafuta, akanishauri ninunue kozi ya pili.

Kwa hiyo: hutumi popote mpaka umefanya kesi 25 KWA SAUTI na mtu mwingine, mtu anayekukatiza na kukuuliza "kwa nini?" katikati ya sentensi. Siyo rafiki wa kukupigia makofi. Hesabu bila kikokotoo, sifuri unaziandika kwenye karatasi. Ukifika hapo unaanza na kampuni mbili ambazo ukizikosa hulii, zile za ndotoni zinafuata, ila angalia tarehe zao za mwisho usije ukajiandaa mpaka dirisha likafungwa. Na ujue kesi haziendeshwi sawa, kwa zile kampuni kubwa tatu za ushauri, McKinsey mara nyingi msaili ndo anakuongoza swali kwa swali, BCG na Bain mara nyingi wewe ndo unashika usukani, ukikaa kusubiri kuongozwa umekwisha.

Uliuliza na mambo ya MBA na mshahara eeh? Waje wengine wajibu, mimi huko sikufika. Nijibu kwanza, hujatuma bado?