Hatua 70 au mita 70? Vipimo vya kuangalia ukijenga au kununua shamba Dodoma

Nianze na ardhi, maana ndiko pesa nyingi inakopotelea. Ukienda kutafuta shamba la zabibu Hombolo au Mpunguzi, utaambiwa ekari moja ni "70 kwa 70". Uliza: 70 za nini? Hesabu hiyo ni ya hatua, na hatua inayokusudiwa ni yadi, yaani sentimita 91.44. Kwa yadi unapata kama mita za mraba 4,097, zaidi kidogo ya ekari halisi, ambayo ni 4,047. Kwa mita unapata 4,900. Tofauti hiyo ya mita za mraba 800 na ushee ni kiwanja kizima cha kujengea nyumba.

Sasa mwenye shamba akipima kwa miguu yake, na hatua yake ni sentimita 75, umebaki na mita za mraba 2,756 hivi. Hiyo ni theluthi mbili ya ekari, na bei umelipa ya ekari nzima. Mimi siku hizi nabeba tepu ya mita 50, na mzee akinuna tunaongea tu mpaka anacheka.

Kwenye ujenzi wenyewe, baada ya kusimamia nyumba Nzuguni na ya shemeji yangu Iyumbu, ushauri wangu ni kwamba usigeuze kipimo kama unaweza kupima upya. Tepu nyingi zina nchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Fundi wa madirisha ya aluminiamu asipewe karatasi ya mwashi iliyoandikwa "futi 5 kwa 4". Aje mwenyewe, plasta ikiwa imeshapigwa, asome milimita pale pale dirishani.

Pale unapolazimika kugeuza, kwa mfano ramani iko kwa mita na mbao zinauzwa kwa futi, shika namba moja: nchi 1 ni sentimita 2.54 kamili. Marekani, Uingereza na mataifa mengine manne yalikubaliana hivyo mwaka 1959. Futi ni nchi 12, kwa hiyo ni sentimita 30.48.

Shida kubwa iko kwenye desimali za kikokotoo. Gawa mita 3 kwa 0.3048, unapata 9.84. Mtu anaandika "futi 9 nchi 8" na kumpigia fundi simu. Lakini ile 0.84 ni sehemu ya futi, lazima uizidishe kwa 12, nayo inatoa nchi 10. Sentimita tano zimepotea hapo, na fremu ya mlango haisamehi sentimita tano. Kwenye eneo, mita ya mraba moja ni futi za mraba 10.76. Wapo wanaozidisha kwa 3.28, ambayo ni futi za mita moja ya urefu, halafu wanashangaa marumaru zimeisha sebuleni.

Na kama utaweka marumaru za 60 kwa 60, chumba cha futi 12 kitakusumbua. Ni mita 3.66: zinaingia sita, kisha unabaki na kaukanda ka sentimita chache ukutani kanakokula marumaru za kukata, safu nzima. Mwambie mchoraji akupe mita 3.6 na nafasi kidogo ya viungo, baada ya plasta.

Nondo nazo. Ile ambayo mafundi wengine bado wanaiita "nusu nchi" kwa kawaida ni ya milimita 12, wakati nusu nchi ni 12.7. Inaonekana kitu kidogo, lakini chuma kinapungua karibu asilimia 11. Kwa hiyo kwenye oda andika milimita kama zilivyo kwenye mchoro wa injinia. Urefu ni mita 12, na hiyo "futi 40" ya mtaani inazidi urefu huo kwa sentimita 19 hivi. Ukipanga mikato ya nguzo kwa futi 40, kipande cha mwisho kitakuwa kifupi.