Laktati ya mtoto mchanga: je, damu ya kisiginoni yalingana na ya ateri?

SWALI: Mhariri, mimi ni muuguzi katika wodi ya watoto wachanga. Juzi tulimpima laktati, yaani kemikali ya damuni ambayo seli hutengeneza zinapotumia sukari bila oksijeni, mtoto aliyezaliwa kwa shida. Damu ya kisiginoni ilionyesha milimoli 4.6 kwa lita, na saa mbili baadaye damu ya ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ikaonyesha 3.1. Daktari alisema mtoto anapata nafuu, lakini mwenzangu akashikilia kwamba vipimo hivyo havilinganishiki. Nani yuko sahihi? Je, tuache kabisa kutoboa kisigino?

JIBU: Ndugu muuguzi, yamkini mtoto alikuwa akipata nafuu kweli, lakini vipimo hivyo viwili havitoshi kuthibitisha hilo, na hapo mwenzako ana hoja nzito. Laktati huongezeka seli zinapokosa oksijeni ya kutosha. Baada ya uzazi mgumu huwa juu, kisha kwa kawaida hushuka katika siku ya kwanza hadi kukaribia milimoli 2 au chini yake. Kwa hiyo kushuka kulitarajiwa. Tatizo ni kwamba ninyi mlibadilisha saa na mahali pa kuchukulia damu kwa wakati mmoja, na sasa hakuna awezaye kusema ni kipi kilichoshusha tarakimu.

Damu ya ateri ndiyo kipimo cha rejea, kwa sababu imetoka moyoni ikiwa imechanganyika na bado haijapita kwenye tishu za mahali fulani. Hata hivyo, kuchoma ateri ya mtoto mchanga kunahitaji mkono uliozoea, na mshipa unaweza kubana au kuziba. Ikiwa katheta (mrija mwembamba) ya ateri ya kitovu imekwisha kuwekwa, itumieni; ikiwa haipo, sioni sababu ya kumtesa mtoto kwa ajili ya laktati pekee. Hakikisheni tu kwamba maji ya Ringer yenye laktati (aina ya dripu) hayapiti katika mrija huo, kwani mabaki yake hupandisha kipimo kwa uongo.

Msiache kisigino. Mtoto njiti wa kilo 1 ana damu ya mililita 80 hadi 100 tu mwilini, kwa hiyo njia inayohitaji matone machache ina thamani kubwa kwake. Kinachoharibu kipimo mara nyingi ni kukamua. Mguu ukiwa wa baridi na damu haitoki, mkono wa mhudumu huanza kuminya, maji ya tishu yakachanganyika na damu, seli nyekundu zikapasuka, na laktati iliyotuama mahali hapo ikaingia kwenye sampuli. Upasheni mguu joto kwanza, mtoboe pembeni mwa nyayo ya kisigino na si nyuma kwenye mviringo, kina kisizidi milimita 2, mpanguse tone la kwanza, kisha mwache damu itiririke yenyewe. Mtoto aliyevimba miguu au ambaye mzunguko wake wa damu umedhoofika hafai kupimwa kwa njia hii, kwa kuwa damu ya kisiginoni mwake haiwakilishi mwili mzima; na kwa bahati mbaya huyo ndiye ambaye jibu lake tunalihitaji zaidi.

Vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, nayo isidharauliwe. Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake, mchomo mmoja wa vena unaofanywa na mtu stadi huuma kidogo kuliko kutoboa kisigino. Ila mkono ukifungwa mkanda wa kutokeza mshipa kwa muda mrefu, au mtoto akilia na kupigana, laktati hupanda.

Sampuli yoyote mtakayochukua isikae. Seli nyekundu hazina mitokondria (sehemu za seli zinazotumia oksijeni kutoa nishati), hivyo huendelea kutengeneza laktati hata ndani ya chupa. Pimeni ndani ya dakika 15. Kama maabara iko mbali, wekeni sampuli kwenye barafu au tumieni chupa yenye floridi, dawa inayozuia seli kuendelea kutengeneza laktati.

Kuhusu mtoto wenu: ikiwa bado hali yake inawatia shaka, chukueni kipimo cha tatu kutoka ateri ileile na mkipime kwa mashine ileile, kisha mkilinganishe na kile 3.1, mkiiacha kando 4.6 ya kisiginoni. Na kwenye faili, kando ya kila tarakimu, andikeni saa, mahali damu ilipotoka, na kama mtoto alikuwa akilia.