Maswali na Majibu: Kazi ya tanuri la chuma, Homestead na Pittsburgh

Toleo lililopita tuligusia viwanda vya chuma vya Marekani kati ya 1880 na 1923. Barua nyingi zimeuliza habari za wale waliosimama mbele ya moto, na hizo ndizo tunazojibu leo.

Wahariri, shikamooni. Mtu aliyeajiriwa kwenye tanuri la chuma alikuwa akifanya nini hasa, toka anaingia mpaka anatoka? – Msomaji, Mwanza

Marahaba. Matanuri yalikuwa ya aina nyingi, kwa hiyo tuchukue moja: lile la Siemens-Martin, ambalo kiwanda cha Homestead, karibu na jiji la Pittsburgh, Marekani, kando ya mto Monongahela, kilianza kulitumia mwaka 1886. Sakafu yake ni bapa kama sinia, miali ya gesi inapita juu ya chuma, na joto hukaribia nyuzi 1,600 za Selsiasi. Mkupuo mmoja, yaani kuyeyusha mzigo mmoja hadi kuutoa, ulichukua saa 8 hadi 12 na kutoa tani 50 au zaidi.

Kila tanuri lilikuwa na wasaidizi watatu. Msaidizi wa kwanza ndiye hasa mwenye tanuri. Yaliingizwa mawe ya chokaa na chuma chakavu, na vikishaanza kuyeyuka, humiminwa chuma ghafi cha majimaji. Kabla ya mashine za kupakia, vitu hivyo vyote viliingizwa kwa mikono. Baada ya hapo msaidizi wa kwanza huchungulia kupitia tundu la mlango akiwa amevaa miwani ya bluu. Akiona matone yananing'inia darini, ajue moto umezidi na matofali yenyewe yanayeyuka. Apunguze gesi papo hapo, la sivyo dari litaporomoka ndani ya chuma.

Kupima ndiko kulikoonyesha ufundi. Alichukua kijiko cha chuma chenye mpini mrefu, akakizungusha kwanza ndani ya mavi ya chuma yanayoelea juu ili kipate tabaka jembamba. Asipofanya hivyo, chuma hunata kwenye kijiko na sampuli inaharibika. Kisha alichota, akamimina kwenye kalibu ndogo, kipande kikaganda, kikapozwa majini, kikapigwa nyundo mpaka kivunjike. Kaboni ikiwa nyingi, kipande huvunjika upesi. Ikiwa chache, hujikunja kwanza na kutaka mapigo zaidi. Chembe za pale kilipovunjika zilimwambia kilichobaki. Kaboni ikizidi alitupia mawe ya chuma ndani, nayo huiunguza huku tanuri likitokota. Baadaye maabara ilipima pia, lakini majibu yake yalichukua muda, na tanuri halisubiri.

Kutoa chuma ilikuwa kazi ya msaidizi wa pili na wa tatu, upande wa nyuma. Tundu lilikuwa limezibwa kwa dolomaiti (jiwe linalovumilia moto) na udongo. Walilichimbua kwa sururu na mtaimbo hadi libaki ganda tu, kisha likatobolewa. Likigoma, mtaimbo mrefu ulipitishwa kutoka mlango wa mbele, katikati ya tanuri, kwa nguvu za watu kadhaa. Chuma kikianza kushuka kwenye ndoo kuu, waliirushia mifuko ya manganizi na makaa kwa kuhesabu muda: mifuko iingie wakati chuma kinatiririka na kujichanganya. Wakichelewa mpaka mavi ya chuma yafike, mzigo huelea juu, hauchanganyiki, na mkupuo mzima unaweza kukosa kipimo kilichoagizwa.

Tanuri likiwa tupu, hapakuwa na kupumzika. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeliwa, kwa hiyo walipanga mstari, kila mmoja na beleshi la dolomaiti. Mtu anausogelea mlango ulio wazi, anarusha ng'ambo ya tanuri ili mzigo utue palipoliwa, anageuka upesi, anampisha wa nyuma. Mashimo ya sakafu nayo yalitakiwa kukaushwa chuma kilichobaki kabla ya kuzibwa. Timu iliyofanya haraka hapo ilijitengenezea balaa, kwani mkupuo unaofuata hula sakafu na kuitoboa, chuma kikamwagika chini ya tanuri ambako watu walifanya kazi.

Je, ni kweli walifanya zamu ya saa 24 mfululizo? – Msomaji, Mombasa

Ni kweli, na hesabu yake ni hii. Timu zilikuwa mbili. Timu A inaingia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, timu B usiku kucha. Ili wabadilishane, Jumapili timu A inaingia asubuhi na kubaki kazini hadi Jumatatu asubuhi. B wanapata siku nzima ya kulala, kisha Jumatatu wanaanza mchana. A wanakwenda nyumbani, na saa 12 jioni ileile wako tena kazini, sasa kwa zamu ya usiku. Jumapili inayofuata zamu ndefu inawaangukia B. Kwa hiyo wiki moja mtu alifanya saa 96, nyingine 72, wastani 84. Jumapili yake moja ya mapumziko ilikuja kila baada ya wiki mbili, na aliimaliza kitandani.

Wenye viwanda walisema tanuri haliwezi kuzimwa. Hilo lenyewe ni sahihi, kwani likipoa matofali hupasuka na chuma huganda ndani. Lakini tanuri linahitaji watu, halihitaji mtu yuleyule. Wiki ina saa 168; zigawe kwa timu tatu, kila mtu anafanya 56. Kilichokosekana ni nia ya kuajiri timu ya tatu. Kukomeshwa kwa zamu ya saa 24 kulikuwa miongoni mwa madai ya mgomo mkuu ulioanza tarehe 22 Septemba 1919, ukavunjika Januari 1920 bila mafanikio. Mwaka 1922 Rais Warren Harding aliwaita wakuu wa viwanda na kuwasihi. Kampuni ya U.S. Steel ilianza kuacha siku ya saa 12 Agosti 1923, na matanuri yakaendelea kuwaka kama kawaida.

Kwa taabu hiyo, angalau walilipwa vizuri? – Msomaji, Dodoma

Mafundi wachache, ndiyo. Wao walilipwa kwa tani, na kwa mkataba wa Homestead wa 1889 malipo yalipanda na kushuka na bei ya chuma, ila hayakushuka zaidi bei ikipungua chini ya dola 25 kwa tani. Mwaka 1892 Henry Clay Frick, mwenyekiti wa kampuni ya Carnegie iliyomiliki kiwanda, alitaka kiwango hicho kishuke hadi 22, na mkataba uwe unaisha mwishoni mwa Desemba badala ya Juni. Wafanyakazi walielewa mtego: mgomo wa kiangazi unavumilika, wa majira ya baridi unataka kuni na makaa. Wakafungiwa nje. Tarehe 6 Julai walinzi 300 wa Pinkerton, kampuni binafsi ya ulinzi, walifika kwa matishari, risasi zikarushwa, na watu wasiopungua 10 wakafa. Novemba mgomo ukashindwa.

Vibarua, wengi wao Waslovakia, Wapoland na Wahungaria, walipata senti 16.5 kwa saa mwaka 1907. Kwa saa 12 hiyo haifiki dola 2. Katika nyumba za kupanga kitanda kimoja kililaliwa na watu wawili, wa mchana na wa usiku, mashuka hayapoi.

Walivaa nini kwenye joto lile? – Msomaji, Unguja

Sufu, hata kiangazi. Cheche ikitua kwenye pamba, nguo inashika moto. Sufu huungua polepole na kujizima. Viatu vilikuwa vya soli ya mbao. Maji walikunywa kwa wingi, lakini jasho huondoa chumvi pia, ndiyo maana wengi walibanwa misuli ya miguu na tumbo hadi kuanguka.

Ninafanya kazi kwenye kiwanda kinachoyeyusha chuma chakavu. Wazee wanatukataza kabisa kuingiza skrepa iliyonyeshewa. Je, hata enzi hizo ilikuwa hivyo? – Msomaji, Machakos

Ilikuwa hivyo, nawe wasikilize. Maji yakigeuka mvuke huongezeka ujazo mara 1,700 hivi. Yakiwa juu ya chuma kinachoyeyuka, mvuke unapata njia. Yakiwa chini yake, hayana pa kutokea, na chuma chote cha juu kinarushwa. Homestead hatari ilikuwa pia kwenye shimo la kusubu: kalibu yenye unyevu kidogo chini ilitosha kumwagia watu chuma usoni, kwa hiyo kalibu zilipashwa moto kabla ya kumiminiwa. Kwenu ongezeni tahadhari moja: mitungi, shokamzoba na bomba zilizofungwa pande zote mbili zikatwe au zitobolewe kabla hazijaingia. Kitu kilichoonekana kikavu kwa nje kinaweza kuwa na maji au mafuta ndani, na kukianika juani hakusaidii.